Wake in Fright (1971): filamu ya kutisha isiyo na jini wala mzimu, ina ofa za bia tu

Mwalimu wa Zamani (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Mwishoni mwa wiki iliyopita niliirudia filamu ya Australia iitwayo Wake in Fright, iliyotoka mwaka 1971, ambayo mara ya kwanza niliitazama nikiwa bado nashika chaki. Nimeona niilete hapa kwa sababu safari hii imenitisha mahali tofauti kabisa na pale iliponitisha zamani. Nitaeleza kisa mpaka mwisho wake, kwa hiyo asiyependa kuharibiwa utamu aitazame kwanza kisha arudi.

Kisa chenyewe ni chepesi. John Grant, anayeigizwa na Gary Bond, ni mwalimu kijana aliyepangiwa shule ya Tiboonda. Katika picha ya kwanza kamera inazunguka duara zima, na katika duara hilo hakuna kitu zaidi ya reli, jengo la shule, hoteli moja na ardhi kavu iliyolala mpaka macho yanapokomea. Hakupaomba mahali hapo. Amefungwa kwa dhamana ya dola 1,000, ambazo itambidi azilipe akiacha kazi kabla ya muda wake kwisha. Shule inafungwa kwa ajili ya Krismasi, ambayo kule huangukia katika joto kali, naye anataka kwenda Sydney kwa mchumba wake akaogelee baharini. Njiani inambidi alale usiku mmoja katika mji wa migodi uitwao Bundanyabba, ambao wenyeji huufupisha wakauita Yabba, ili kesho yake apande ndege. Ndege hiyo haipandi.

Zamani nilitishwa na usiku wa kuwinda kangaruu, kama wengi wetu. Safari hii nilitishwa na glasi ya bia. Grant anaingia katika kilabu cha askari wastaafu, anabanwa na umati wa kaunta, na Jock Crawford, polisi wa mji, anamkaribisha. Crawford hamkemei, hamdai kitu. Anamnunulia bia, anaigugumia ya kwake kwa mkupuo mmoja, halafu anaitazama glasi ya mgeni. Anaitazama tu, mpaka mgeni anaona haya, anaimaliza, na kumbe nyingine imeshafika. Crawford anaigizwa na Chips Rafferty, mtu ambaye kwa miongo kadhaa sinema ilimtumia kama sura ya mwanaume mwema wa Australia, mkakamavu na mwenye utani, na hii ikawa filamu yake ya mwisho kwa kuwa alifariki mwaka huohuo wa 1971. Mwongozaji Ted Kotcheff angeweza kumtafuta mtu mwenye sura mbaya. Alimchukua yule ambaye watazamaji walikuwa wamezoea kumwamini.

Katika kilabu hichohicho, ghafla taa zinafifia, watu wote wanasimama na kunyamaza kuwakumbuka waliokufa vitani, na mashine za kamari zinatulia. Dua fupi inasomwa. Taa zikirudi, mikono nayo inarudi kwenye mashine, na kelele inaendelea palepale ilipoachwa. Hakuna anayeona ajabu isipokuwa Grant, na wakati huo Grant bado anawacheka.

Baadaye usiku anafika kwenye mchezo wa sarafu mbili, ambao sisi tungeuita kichwa au mwenge, ila pale hurushwa senti mbili kwa pamoja kutoka juu ya kibao kidogo, wanaume wamezunguka duara na noti zimetapakaa sakafuni. Anaweka kamari kwa mzaha, anashinda, anaweka tena, anashinda, anakimbilia chumbani na mafungu ya noti akiwa na furaha ya kitoto. Naomba mliangalie hilo la chumbani kwa makini, kwa sababu anachokipigia hesabu pale kitandani ni ile dhamana: akishinda mara moja tu zaidi, atakuwa ameununua uhuru wake na hatairudia Tiboonda maishani. Anarudi kwenye mchezo. Asubuhi anaamka hana nauli.

Kuanzia hapo hakuna anayemfungia mlango. Tim Hynes, mzee aliyekutana naye kaunta, anampeleka kwake na kumnywesha. Marafiki wa Hynes, Dick na Joe, wanamchukua porini wakawinde. Daktari mlevi, Doc Tydon, anayeigizwa na Donald Pleasence, anampa malazi, chakula na vidonge. Kila mmoja anampa kitu bure, na kila anachopewa kinamteremsha ngazi moja. Mimi nimefika mahali pa kuamini kwamba filamu hii inaogofya kwa sababu mtego wake umejengwa kwa ukarimu mtupu, na mtu hawezi kuutoroka ukarimu bila kuonekana yeye ndiye mwovu.

Niseme na langu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipangiwa sekondari moja pembezoni kabisa, ambako basi lilifika mara mbili kwa juma. Jumamosi ya kwanza, mtu mmoja mwenye heshima zake pale kijijini aliniona nimekaa na soda, akanyanyua kidole kwa mhudumu, na chupa ya bia ikatua mbele yangu, imeshafunguliwa kizibo. Sikuwa mnywaji. Nilipoiona ile picha ya Crawford anatazama glasi, mkono wangu ulitoka jasho.

Naomba kuwasilisha.

Kabati la Kanda

Mkuu, uzi umetulia, lakini nina ubishi na kichwa chake. Hii haikutengenezwa kama filamu ya kutisha. Imetokana na riwaya ya Kenneth Cook ya mwaka 1961, mwandishi wa habari aliyewahi kufanya kazi Broken Hill na akauficha mji huo nyuma ya jina la Bundanyabba. Ni hadithi ya mtu anayejiharibu. Ukianza kuiita ya kutisha kwa sababu inakosesha raha, basi kila filamu nzito itaingia kabati hilohilo, na neno litakosa kazi.

Kingine, wewe unaulaumu ukarimu wa watu wa Yabba, ilhali kijana mwenyewe alikuja na dharau yake tangu kwenye treni. Anaongea nao kama mtu anayewafanyia hisani kwa kukaa nao meza moja. Nani alimlazimisha arudi kwenye kamari? Hapakuwa na ofa pale. Palikuwa na tamaa yake.

Mwalimu wa Zamani

Ndugu Kabati, kuhusu dharau ninakubaliana nawe kwa asilimia zote, na nilikosea kutolitaja. Grant anajiona yu juu ya watu wale, na filamu inachukua siku chache tu kumwonyesha kwamba tofauti yake nao ilikuwa tai na shati safi.

Ila kuhusu aina ya filamu, nitabisha. Jina lenyewe limetoka katika laana ya kale aliyoiweka Cook mwanzoni mwa riwaya, inayomwombea mtu amwote shetani na aamke kwa hofu. Na tazama inavyokwenda. Kuna mahali ambapo mtu anaingia kirahisi na hawezi kutoka. Kuna usiku anaoupoteza asijue ulikwendaje, akaamka juu ya kitanda kigeni, nzi usoni, jua limemkalia, na mtu asiyemfahamu vizuri anapika nyama ya kangaruu pembeni. Kuna yeye mwenyewe kugeuka kile alichokiogopa. Hata ile barabara ya kutorokea inamrudisha. Anatembea jangwani na bunduki, anaua sungura ili ale, anaomba lifti ya lori akiamini linaelekea Sydney, na turubai linapofunguliwa anajikuta amesimama palepale Yabba. Ukinipa mkasa huo bila jina la filamu, nitakuambia ni hadithi ya mtu aliyechukuliwa na majini.

Na lipo jambo lililonifanya nisimamishe filamu nikanywe maji. Kabla ya lori hilo, dereva mwingine aliyempa lifti anamwalika wanywe, Grant anakataa, na dereva anaghadhibika kweli. Ndipo Grant anapolipuka na kumwambia kwamba kwa watu hawa unaweza kuishi kwa jasho lao, ukawachomea nyumba, ukawaulia mke, na yote yakasameheka, lakini ukikataa kunywa nao umetenda jinai. Nimefupisha maneno yake. Dereva haelewi hata kidogo kwa nini anafokewa.

Shemeji wa Adelaide

Habari zenu ndugu zangu. Nipo Australia ya Kusini kwa miaka kadhaa sasa, na Broken Hill nimepita kwa barabara, ni mwendo wa zaidi ya kilomita 500 kutoka Adelaide. Kutoka Sydney ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Mji upo katika jimbo la New South Wales, lakini saa zake hufuata za huku kwetu Australia ya Kusini, nusu saa nyuma ya Sydney, kana kwamba umekataa hata kuamka pamoja na mji mkuu wa jimbo lake. Ni mji wa madini ya risasi, fedha na zinki, na ile kampuni kubwa ya madini ya BHP ilizaliwa hapo mwaka 1885 na kuchukua jina lake hapo. Katikati ya mji limelala lundo refu la mabaki ya mgodi, ukiwa mtaa wowote unaliona.

Mchezo wa sarafu mbili bado upo. Katika sehemu nyingi za nchi unaruhusiwa siku chache tu, hasa tarehe 25 Aprili, siku ya kuwakumbuka askari, na Broken Hill ni miongoni mwa sehemu chache zilizopewa ruhusa pana zaidi ya hiyo. Nilipoiona ile picha ya kilabu, kumbukumbu ya wafu upande mmoja na kamari upande wa pili, nilielewa kwamba mwongozaji hakubuni kitu. Aliviweka karibu tu.

Kuhusu ofa, niseme kwa haki. Desturi ya huku ni kila mmoja katika kundi kununua kwa zamu, na anayekwepa zamu yake hudharaulika. Si desturi mbaya. Mgeni asiyejua mtu ndiye huingizwa kundini kwa njia hiyo, na mimi nilipata kibarua changu cha kwanza kwa watu niliokaa nao meza ya namna hiyo na juisi yangu mkononi, nikinunua zamu yangu kama wengine. Walinitania, basi. Ninachokiona katika filamu ni desturi hiyohiyo ikiwa imebaki peke yake katika mji ambao hauna kingine cha kuwaunganisha watu.

Mtunza Makopo

Wakuu, mmeanza na kisa, mimi naomba kuongeza habari ya filamu yenyewe kama kitu, kwa sababu nusura isiwepo ya kuijadili.

Fedha za kuitengeneza zilitoka pande mbili, kampuni ya Australia iitwayo NLT na Group W ya Marekani, iliyokuwa tawi la kampuni ya Westinghouse. Ilishindanishwa katika tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 1971, ikapokewa vizuri, na Paris ikaonyeshwa kwa miezi mitano. Nje ya Australia ilipewa jina la Outback. Nyumbani watu hawakwenda kuitazama. Jack Thompson, aliyeigiza Dick na ambaye baadaye alikuja kuwa nyota mkubwa, anatajwa katika mkasa unaosimuliwa sana: katika onyesho moja la mwanzo mtazamaji alisimama akapaaza sauti kwamba hawa si sisi, na Thompson akamjibu akae chini, kwamba ni sisi hasa.

Baada ya hapo filamu ikapotea. Haikutoka katika kanda za video wala diski kwa miaka mingi, na nakala zilizobaki hazikuwa na ubora wa kutengenezea nyingine. Mhariri wake, Anthony Buckley, ndiye aliyeshika njia kuitafuta, na alitafuta kwa takribani miaka kumi, nchi moja hadi nyingine. Mwaka 2004 negativu zake, yaani filamu mama ambazo nakala hutolewa kwazo, zikapatikana Pittsburgh, Marekani, makopo yakiwa yamewekewa alama ya kuteketezwa. Ukikumbuka kwamba makao ya Westinghouse yalikuwa Pittsburgh, utaona kwamba huenda filamu ilikuwa imelala kwa mmoja wa walioilipia. Hifadhi ya Taifa ya Filamu na Sauti ya Australia ikashiriki kuirekebisha fremu kwa fremu, na mwaka 2009 ikarudi kumbini, ikaonyeshwa tena Cannes.  Martin Scorsese, mwongozaji maarufu wa Marekani, aliyeiona hapo mwaka 1971 akiwa kijana, alikuwa na mkono katika kurudi kwake.

Nimefanya kazi ghalani kwa muda, na ninajua lebo ya namna ile inavyobandikwa. Hakuna mtu mwenye chuki na filamu. Kuna orodha, kuna gharama ya nafasi, na kuna mfanyakazi ambaye zamu yake inaisha saa kumi na moja.

Dada wa Manukuu

Mwalimu, pole na ile chupa. Nina mambo mawili, na la kwanza ni zito.

Mmesema juu ya uwindaji kwa kupita tu, kana kwamba ni picha ya kawaida. Kangaruu wale waliuawa kweli. Watengenezaji waliwafuata wawindaji wenye leseni, ambao ndio kazi yao ya kila usiku, wakapiga picha wanachokifanya, kisha wakaiunganisha na waigizaji. Kotcheff mwenyewe amesimulia kwamba usiku ulipoendelea wawindaji walilewa, wakaanza kukosa shabaha na kujeruhi wanyama ovyo, mpaka timu ikafanya hila ya kuzima umeme ili kazi isimame. Mwishoni mwa filamu kuna maelezo kwamba picha hizo zimebakizwa baada ya kushauriana na vyama vya kutetea wanyama. Ninaielewa hoja hiyo. Lakini ninapomwona mnyama ameduwaa ndani ya mwanga wa taa, amesimama wima kama mtu aliyeitwa jina lake, siwezi kuendelea kufuatilia kisa cha Grant. Kwangu filamu inakatika hapo kwa dakika kadhaa, halafu inaanza upya.

La pili ni Janette, binti yake Hynes, anayeigizwa na Sylvia Kay. Uzi mzima mmemtaja baba yake, hamkumtaja yeye. Nyumba imejaa wanaume wanaonywa, na yeye anapita na sinia. Grant anaamua kukaa azungumze naye, na mmoja wa wale wanaume anashangaa kwamba kuna mtu anayechagua kuzungumza na mwanamke badala ya kunywa, na jibu analopewa ni kwamba huyo ni mwalimu. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Wanatoka wawili gizani, Janette anajaribu kumpa alichodhani anakitaka, na Grant anageuka pembeni kutapika. Tazameni uso wa Janette wakati huo. Hakuna aibu wala hasira. Ni uso wa mtu aliyeshaona hilo likitokea, akajifunga vifungo vyake na kurudi ndani. Ndani ya filamu nzima ndiye peke yake anayeujua mji ule ulivyo na asiyeusifu.

Mwalimu wa Zamani

Dada, umenishika. Nilimpita Janette kama Hynes na wageni wake wanavyompita.

Kuhusu kangaruu, sitajaribu kukushawishi. Nitasema tu ninachokiona mimi pale. Wenzake wanaua kwa mazoea, kama watu wanaocheza mpira waliouchoka. Grant anapewa kisu ammalize mnyama mdogo aliyejeruhiwa, na anafanya hivyo kwa uchungu, kwa fujo, huku wenzake wakimshangilia kama mtoto aliyevuka somo. Kotcheff hakukipa kitendo hicho ushujaa wowote. Tangu hapo usoni mwa Gary Bond kuna kitu kimeondoka, na sijui alifanyaje kukiondoa.

Mpita Njia wa Bandarini

Naomba nami nitie neno la ubishi. Filamu hii inatajwa kila mara kuwa kioo cha Australia. Mwongozaji ni Mkanada, mtoto wa wahamiaji kutoka Bulgaria. Mwandishi wa mswada, Evan Jones, amezaliwa Jamaika. Walioigiza Grant na Doc ni Waingereza. Je, kama wageni wangekuja mji wetu mmoja wa migodi wakatuonyesha tumelewa, tunaua wanyama na tunacheza kamari, tungekiita kioo au matusi?

Isitoshe, katika treni ya mwanzo, wakati wazungu wanaimba na kugawiana bia, kuna Mwaborijini mmoja, mwenyeji wa asili wa nchi ile, amekaa peke yake mwisho wa behewa, na kamera inampita. Ardhi ile ni ya watu wake. Katika mji ambao kila mgeni hupewa ofa, yeye hapewi.

Mwalimu wa Zamani

Ndugu Mpita Njia, hoja yako ya pili ni nzito kuliko yote yaliyoandikwa humu, na inaugusa msimamo wangu moja kwa moja. Niliandika kana kwamba ukarimu wa Yabba haumbagui mtu. Kumbe unabagua, na ulibagua mbele ya macho yangu dakika za mwanzo kabisa, nami nilikuwa nawatazama waimbaji. Sitaki kusema kwa hakika kama Kotcheff alimweka mtu yule ili tulione hilo, lakini alimweka peke yake, upande wake wa behewa, na hakuweka chupa mkononi mwake.

Hoja ya kwanza ninaiona kwa jicho jingine. Riwaya ni ya Mwaustralia aliyeishi katika mji huo. Naye Kotcheff amewahi kueleza kwamba nyika ya Australia ilimkumbusha kaskazini mwa Kanada, ambako ukubwa wa nchi, badala ya kumpa mtu uhuru, humfungia ndani pamoja na wenzake. Alikuja na jela yake mwenyewe kichwani. Pia alikuja na macho ya mgeni: alikataza rangi za ubaridi, buluu na kijani, zisionekane katika mavazi wala mapambo, akataka kila chumba kiwe na vumbi na nzi. Nilipoirudia nilijaribu kuitafuta rangi ya kupumzisha jicho. Nilikuja kugundua kwamba nilikuwa nikisubiri bahari ya Sydney kama Grant anavyoisubiri, na bahari haiji isipokuwa katika njozi zake.

Kabati la Kanda

Nimerudi, na nimeitazama tena usiku wa kuamkia leo kwa sababu yenu. Naondoa nusu ya ubishi wangu.

Iliyonigeuza ni sehemu ya Doc Tydon. Mtu huyu ni daktari kwa kusomea, anajijua kuwa mlevi, na anaeleza bila haya kwamba Yabba ni mahali pekee ambapo ulevi wake hauonekani, kwa kuwa kila mtu anakunywa. Haishi kwa fedha, anaishi kwa kualikwa. Pleasence anamwigiza kwa upole fulani unaotisha, kama mwenyeji anayekuonyesha chumba ambacho kimekuwa chako siku zote. Baada ya usiku ule wa uwindaji, na yaliyotokea kati yao katika kibanda chake, ambayo filamu inayaonyesha nusu na kuyaacha nusu gizani, Grant anakimbia. Anapoletwa tena na lori, anakwenda kibandani kumuua Doc, hamkuti, na bunduki anaigeuza kwake mwenyewe. Anapona. Na ni nani anayekuja kumsindikiza stesheni baada ya hospitali? Ni Doc. Hawaambiani kitu cha maana. Mtu aliyemfikisha pale ndiye anayemuaga kwa staha, na ukweli ni kwamba hakuna mwingine aliyekuja.

Nusu nyingine ya ubishi naibakiza. Mwaka 2017 waliifanya upya kwa televisheni, sehemu mbili, na pale waliongeza vitisho vya wazi, wahalifu na deni la kudaiwa kwa nguvu. Ikawa haitishi hata kidogo. Kwa hiyo labda sote tuko sahihi: ya mwaka 1971 inatisha kwa sababu haikujaribu kuwa filamu ya kutisha.

Shemeji wa Adelaide

Kabati, hapo umegonga. Katika ile ya awali hakuna anayemdai Grant hata senti.

Dada wa Manukuu

Mmesahau treni ya kurudi. Wakati wa kwenda, wanaume kwenye behewa walimpa Grant bia akaikataa kwa ule uungwana wake wa kujisikia. Wakati wa kurudi anapewa tena, na anaipokea. Hakuna muziki wa kutuambia tulie au tufurahi. Anaipokea tu, na wanaendelea na safari. Akifika Tiboonda, mwenye hoteli ya pale, ambaye ndiye mtu wa kwanza aliyekunywa naye, anamuuliza kama likizo ilikuwa nzuri, naye anajibu kwamba ilikuwa nzuri kupita zote.

Mwalimu, nimelisoma bandiko lako la kwanza mara tatu. Umetuachia ile chupa mezani, imefunguliwa kizibo, na mtu mwenye heshima zake amekaa anakutazama. Wewe ulifanyaje?

Mwalimu wa Zamani

Niliinywa, Dada. Ilikuwa ya moto, maana umeme ulikuwa haujafika. Halafu nilitoa mfukoni nauli niliyokuwa nimeitenga ya kwenda kwetu mwezi wa kumi na mbili, na mimi nikanyanyua kidole.